Gari limezima ghafla na haliwaki: jua kinachokosekana kabla ya kununua spea

Corolla 100 na 110 zilizotoka Japani miaka ya 1990 bado zinaamka alfajiri kila siku Dar es Salaam, Arusha na Mombasa. Zinapeleka watoto shule, zinabeba trei za mayai, jioni zinarudi kwenye foleni. Nyingi zina injini ya 5A-FE yenye cc 1,498 au ndugu yake 4A-FE yenye cc 1,587, na kusema kweli ni injini ngumu. Lakini mpira unachoka, waya unaliwa na kutu, pampu inazeeka, na siku moja gari linazima katikati ya safari bila hodi.

Hapo ndipo pesa zinapotea. Fundi wa kwanza anabadilisha plagi. Wa pili anasema pampu. Wa tatu anatazama kidogo, anatikisa kichwa: "Bosi, hiyo ni kontroli boksi," yaani kompyuta ya injini. Ukijumlisha, umeshanunua nusu ya gari na bado haliwaki, kwa sababu kila mmoja alianza na jibu.

Injini ya petroli haina mengi inayodai. Inataka izunguke na kuwa na kompresheni (kubana hewa ndani ya silinda), ipate moto (cheche ya plagi), ipate mafuta, ipate hewa, na vyote vije kwa wakati wake. Ikizima ghafla wakati jana ilikuwa nzima, karibu kila mara kimekosekana kimoja tu. Kazi yako, au ya fundi ukiwa umemsimamia, ni kujua ni kipi, kwa kufuata mpangilio. Nimeandika nikifikiria Corolla hizo zenye distribiuta (kifaa kinachogawa moto kwa plagi), ila mpangilio wenyewe unafaa kwa gari lolote la petroli la umri huo.

Kwanza litoe njiani

Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili kabla haijawa ngumu. Kanyaga mara moja kwa uthabiti, usipampu. Ufunguo usiuchomoe, usukani unaweza kujifunga. Washa hazadi, elekea pembeni, weka pembetatu mbali na gari. Kwenye mteremko wa Kimara au Kitonga tia jiwe kwenye tairi, upande wa kuteremkia, kabla hujafungua boneti.

Lilizimaje?

Hatua hii haihitaji spana hata moja, na wengi wanaivuka. Kabla kumbukumbu haijachuja, jiulize lilikufaje. Ukiweza andika kwenye simu, maana ukifika gereji utaulizwa na utaanza kubuni.

Kama lilikatika mara moja, kana kwamba mtu kazima swichi, bila kushtuka wala kukohoa, fikiria umeme wa moto kwanza: distribiuta, koili (inayotengeneza umeme mkali wa plagi), fyuzi, swichi, au alamu. Belti ya taimingi (mkanda unaozungusha shafti ya valvu) ikikatika nayo huzima hivyo hivyo. Kwenye gari la manyuo kuna dalili ya ziada. Gari likiwa bado linaviringika ndani ya gia, injini inazungushwa na magurudumu. Kama mshale wa RPM ulianguka sifuri papo hapo huku gari linakwenda, umeme wa koili ndio uliokatika, au belti imekatika na distribiuta haizunguki.

Kama lilianza kukosa nguvu, likavutavuta, likakohoa, ukakanyaga mafuta lisiitikie, kisha likafa, hayo ni mafuta: tangi tupu, pampu, filta, au uchafu.

Kama taa ya betri ilikuwa imewaka kwa muda, redio ikazima yenyewe, taa za mbele zikafifia na waipa zikawa zinajikokota, alternata iliacha kuchaji na gari limekula betri mpaka likaisha. Hapo injini yenyewe haina kosa.

Kama geji ya joto ilipanda, ukasikia harufu tamu ya kulanti au mvuke, au taa nyekundu ya oili iliwaka, usipige stata tena. Endelea kwenye sehemu ya joto na oili hapo chini. Na kama lilizima ndani ya maji, usiguse ufunguo kabisa mpaka usome sehemu ya maji.

Kuna hali nyingine ambayo inachosha watu kuliko zote: linazima likishapata joto, ukikaa dakika ishirini linawaka kama halijawahi kuumwa. Asubuhi kwa fundi liko salama, saa nane mchana kwenye foleni ya Mandela linakufa tena. Hilo usilipeleke kupimwa likiwa baridi, utakula hasara. Vipimo vya moto na mafuta vilivyo hapa chini vifanywe palepale lilipozimia, kabla halijapoa.

Fungua swichi, stata usiguse

Zungusha ufunguo hadi ON na utazame dashibodi. Taa ya betri, ya oili na ya cheki injini zote zinapaswa kuwaka. Zisipowaka hata moja, umeme haufiki. Tazama vichwa vya betri kabla ya kitu kingine chochote: vishike kwa mkono, vizungushe. Kichwa kinachozunguka kwa mkono ni kichwa kilicholegea. Ule unga wa kijani na mweupe unazuia umeme. Usafishe kwa maji ya moto na brashi, kaza kwa spana namba 10. Fuata pia waya wa athi unaotoka betri kwenda kwenye bodi na kwenye gia boksi, mara nyingi ndio unaosahaulika.

Ukiwa na testa, betri nzima iliyotulia inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imeisha. Mtu apige stata huku wewe unatazama: ikishuka chini ya 9.6 au hapo karibu, betri imechoka au kuna kitu kinachokataa kuzunguka. Gari likija kuwaka, pima tena. Alternata nzima hukupa kati ya 13.8 na 14.8.

Kama taa nyingine zimewaka lakini ya cheki injini haikuwaka, hiyo ni habari kubwa. Ina maana kontroli boksi haipati umeme, na sababu ya kawaida ni fyuzi iliyoandikwa EFI au rilei yake (swichi inayoendeshwa na umeme), vitu vya bei ndogo vilivyo kwenye boksi la fyuzi chini ya boneti. Chomoa fyuzi, itazame kwenye mwanga. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya ampea ileile. Ikikatika tena papo hapo kuna shoti, na kuweka msumari au waya mnene mahali pa fyuzi ni njia ya kuchoma gari. Rilei unaweza kuijaribu kwa kubadilishana na nyingine ya umbo na namba zilezile kwenye boksi hilohilo.

Piga stata mara moja, sikiliza

Sekunde tatu zinatosha. Sauti unayosikia inagawa tatizo sehemu tatu.

*Kimya, au "tak" moja.* Injini haizunguki. Taa za mbele zikizimika kabisa wakati huo, rudi kwenye betri na vichwa vyake. Taa zikibaki na nguvu, stata au waya wake mdogo haufanyi kazi, au gari la otomatiki haliko vizuri kwenye P. Jaribu kwenye N. Betri ikiwa nzima na bado stata inagonga bila kuzungusha, weka soketi kwenye boliti ya puli ya krenki ujaribu kuizungusha kwa mkono kuelekea mwendo wa saa, gia ikiwa N. Ikigoma kabisa, injini imeshika. Hapo simamisha kila kitu.

*Inazunguka kwa sauti yake ya kila siku, ila haishiki.* Hili ndilo kundi kubwa, na ndiko tunakoelekea.

*Inazunguka haraka na kwa wepesi kuliko kawaida.* Stata inalia mfululizo bila yale mapigo ya kupanda na kushuka unayoyajua. Kompresheni haipo. Kwa injini hizi mtuhumiwa wa kwanza ni belti ya taimingi.

Belti: kipimo cha dakika tano

Nimeona watu wamefungua pampu, wamefungua tangi, na belti imekatika tangu barabarani. Kipimo ni rahisi mno kukiruka. Distribiuta ya injini hizi inazungushwa na kamshafti (shafti inayofungua valvu), na kamshafti inazungushwa na belti. Kwa hiyo fungua kofia ya distribiuta, iweke pembeni na waya zake zikiwa mahali pake, kisha mtu apige stata kidogo huku wewe umesimama mbali na feni na mikanda. Rota (kipande kinachozunguka katikati ya distribiuta) ikizunguka, belti ipo. Rota ikisimama tuli huku injini inalia, belti imekatika au imekwanyuka meno.

Belti ya 4A-FE na 5A-FE ni ya kubadilishwa kila kilomita 100,000. Gari lililonunuliwa Japani likiwa na kilomita 90,000 na likakaa hapa miaka sita bila mtu kuigusa, unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Bahati ni kwamba kwenye injini hizi mbili valvu na pistoni hazikutani belti ikikatika. Unafunga mpya, unaweka alama za taimingi, unaondoka. Usilichukulie hilo kuwa sheria ya magari yote. Subaru nyingi za EJ20, kwa mfano, belti ikikatika valvu zinagonga pistoni na kupinda, na kupiga stata tena na tena kunazidisha hasara. Usipokuwa na uhakika na injini yako, chukulia kwamba zinagongana.

Belti ikiwa imeruka meno mawili matatu bila kukatika, rota itazunguka kama kawaida lakini gari litakohoa, litarudisha moto kwenye bomba la hewa, halitashika. Lazima kifuniko cha belti kifunguliwe na alama zitazamwe.

Moto

Usianze kwa kuchomoa plagi zote. Chukua plagi moja ya akiba, ile ya zamani uliyoitunza kwenye buti inafaa. Chomoa waya mmoja wa plagi kwenye injini, uchomeke kwenye plagi ya akiba, kisha ilaze ili chuma chake kiguse vizuri chuma tupu cha injini. Chuma kilichopakwa rangi hakifai. Usiishike kwa mkono. Kuna maelfu ya volti. Kabla ya hapo nusa: kukiwa na harufu ya petroli iliyovuja, kipimo hiki hakifanywi. Mtu apige stata sekunde mbili.

Unachotaka kuona ni cheche ya bluu yenye sauti, "tak tak tak", inayoonekana hata mchana ukikinga kwa mkono kivuli. Cheche nyembamba ya njano ni moto dhaifu. Isipoonekana kabisa, jaribu waya wa pili, maana waya mmoja kufa hakuzimi injini ya silinda nne, kungeifanya imisi tu.

Hakuna moto kwenye waya zote? Rudi kwenye kofia ya distribiuta, sasa uitazame vizuri. Igeuze uone ndani. Katikati kuna kitufe cha kaboni kinachogusa rota. Kibonyeze kwa kidole, kinapaswa kurudi kwa springi yake. Kikiwa kimevunjika au kimeliwa hadi ndani, moto hautoki. Kuzunguka kuna nguzo nne za chuma. Unga mweupe kidogo ni kawaida, lakini zikiwa zimechimbika kofia imeisha. Geuza kofia juani utafute mstari mweusi mwembamba unaotoka nguzo moja kwenda nyingine. Mstari huo ni ufa ulioungua, na moto unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Wakati wa masika unyevu nao unatosha: pangusa kofia kwa kitambaa kikavu ndani na nje, jaribu tena. Oili ndani ya kofia ina maana sili ya distribiuta imekufa, na kusafisha kutakusaidia wiki moja tu.

Kofia na rota zikiwa nzima na moto haupo, bado kuna koili na igniter (swichi ya kielektroniki ya koili), ambazo kwenye Corolla nyingi za aina hii zimo ndani ya distribiuta yenyewe. Kwa testa, swichi ikiwa ON, soketi ya distribiuta lazima iwe na waya unaoleta volti za betri. Usipokuwepo, tafuta fyuzi ya IGN na swichi yenyewe. Ukiwepo, tazama mshale wa RPM wakati wa kupiga stata. Mshale ukitikisika kidogo, igniter inapata ishara na inakata na kuunga umeme wa koili. Shaka inahamia kwenye koili, rota na kofia. Mshale ukilala kabisa, shaka iko kwa igniter au ile koili ndogo ya ishara iliyo chini ya rota. Na yale magari yanayokufa yakipata joto na kufufuka yakipoa, sehemu kubwa ni hizi: joto linatanua ufa mdogo ndani ya koili au igniter, umeme unakatika, ikipoa unaungana.

Iulize taa ya cheki injini

Kabla mtu hajachomoa kichwa cha betri, kwa sababu kukichomoa kunafuta kila kitu. Watu wanatafuta mtu mwenye kompyuta wakati Toyota hizi zinajieleza zenyewe. Chini ya boneti, karibu na betri au nguzo ya shokapu, kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa kwa Kiingereza DIAGNOSTIC. Ndani ya mfuniko kuna ramani ya matundu. Swichi ikiwa OFF, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Hakikisha umesoma vizuri, kuunganisha tundu jingine kunaweza kuunguza kitu. Gia ikiwa N au P, AC imezimwa, fungua swichi ON bila kuwasha na uhesabu taa inavyopepesa.

Ikipepesa haraka kwa mwendo sawa bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikiwa na kosa, inahesabu makumi, inapumzika sekunde moja na nusu, inahesabu mamoja. Mpepeso mmoja, kimya kifupi, mipepeso minne: hiyo ni 14, kontroli boksi haipati jibu kutoka igniter. Namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko wa injini, yaani koili ya ishara ndani ya distribiuta na waya zake. 22 ni sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya mgandamizo wa hewa, na kabla ya kuinunua tazama kimpira chake kama hakijachomoka au kupasuka. 41 ni sensa ya koo la hewa, mlango unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwa gari lililozima ghafla, 12, 13 na 14 ndizo zinazokupunguzia kazi. Namba inakuonyesha mtaa, nyumba unaitafuta mwenyewe: 14 inaweza kuwa igniter, inaweza kuwa soketi yenye kutu.

Alamu, katauti na trakka

Hili nimelipa sehemu yake kwa sababu mafundi wazuri kabisa hulisahau. Gari likitoka bandarini, mwenye nalo wa kwanza alifunga alamu. Wa pili akaongeza katauti, swichi ya siri ya kukata umeme, chini ya dashibodi. Wa tatu akalitoa kwa mkataba kwa dereva wa teksi mtandao na kuweka trakka yenye kuzima injini kwa simu. Kila kimoja kilikata waya wa swichi au wa pampu, kikaungwa kwa kusokota na selotepu. Miaka kumi baadaye muungo umelegea.

Kama moto au mafuta yanakosekana na fyuzi zote ni nzima, chungulia chini ya usukani. Ukiona boksi dogo jeusi lisilo la Toyota, rilei inayoning'inia na waya za rangi moja zote, umefika. Tikisa miungo huku mtu akipiga stata. Na kama gari ni la mkataba, mpigie simu mwenye gari kwanza umuulize kwa adabu kama hesabu ya wiki imeingia; kuna watu wamefungua distribiuta kwa deni la siku mbili.

Mafuta

Moto upo na belti inazunguka? Sasa mafuta. Geji usiiamini, kielea chake ndani ya tangi hukwama. Mimina lita tano kwanza, hasa kama wewe ni mtu wa kuweka ya elfu kumi kumi. Pampu iko ndani ya tangi na inapoozwa na petroli hiyohiyo, kwa hiyo kuendesha na taa ya mafuta ikiwaka kila siku kunaipunguzia maisha.

Kwenye nyingi ya Corolla hizi pampu haifanyi kazi ukifungua swichi tu. Inasubiri stata au injini izunguke, maana rilei yake imewekwa hivyo kwa usalama. Kwa hiyo kutoisikia ukiwa ON si ushahidi. Rudi kwenye kile kiboksi cha DIAGNOSTIC, swichi OFF unganisha +B na FP, kisha fungua ON. Sasa pampu inapaswa kulia yenyewe. Fungua mfuniko wa tangi utege sikio, au inua kiti cha nyuma, chini yake kuna kifuniko cha pampu. Bana kwa vidole mpira wa mafuta karibu na injini. Unapaswa kuusikia ukijaa na kuwa mgumu.

Ikilia kwa njia hiyo lakini hailii ukipiga stata, pampu ni nzima na shida iko kwenye rilei yake au ishara. Isipolia, pima kama volti zinafika kwenye soketi yake. Zikifika na iko kimya, mtu agonge chini ya tangi kwa ngumi huku unapiga stata. Pampu iliyokwama mara nyingine huamka hivyo na kukufikisha nyumbani, na ukifika usiitegemee tena. Ikilia lakini presha haipo, tazama filta. Fundi mwenye geji anapaswa kusoma kati ya psi 38 na 44 kwenye injini hizi mpira wa vakyumu wa regyuleta ukiwa umechomolewa.

Gari lililozima dakika chache baada ya kutoka sheli lina kisa chake. Toa mafuta kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie robo saa. Maji hukaa chini na mstari wake unaonekana. Mafuta ya taa hayaonekani hivyo, lakini harufu yake unaijua. Uchakachuaji umepungua tangu Tanzania ianze kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuwavunja moyo wachanganyaji. Tunza risiti, hata hivyo.

Njia ya kumimina petroli kwa chupa kwenye bomba la hewa ili kuona kama litashika, ikatae hata kama fundi ni mzee wa miaka arobaini kazini. Injini ikirudisha moto inakuunguza usoni. Puliza kidogo dawa ya kusafishia kabureta, rudisha bomba, ndipo upige stata. Likishika sekunde moja na kufa, mafuta ndiyo yanayokosekana.

Ukipiga stata muda mrefu na plagi zikatoka zimelowa, injini imekunywa mafuta. Zitoe, zikaushe, acha mashimo wazi dakika chache, kisha urudishe.

Hewa

Mara chache huzima gari ghafla. Tazama bomba kubwa kati ya filta na koo kama halijachomoka au kupasuka chini, na vimpira vidogo vya vakyumu. Gari linalozima ukiachia mafuta tu, kwenye taa au ukikata kona, na kuwaka palepale ukikanyaga kidogo, mara nyingi lina valvu ya sailensi (inayoshika injini ukiwa hujakanyaga mafuta) iliyojaa masizi. Safisha.

Likizima kwa joto au oili

Chomoa dipstiki. Oili isipogusa hata ncha yake, usiwashe. Ongeza, kisha uzungushe puli kwa mkono kabla ya stata. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia, gasiketi ya hedi au hedi yenyewe imekwenda.

Lililochemsha liache lipoe nusu saa au zaidi, mfuniko wa rejeta usiguswe kabla mpira wa juu haujawa wa kushikika. Maji baridi kwenye injini ya moto yanaweza kupasua hedi. Likipoa, jaza, kisha pima kompresheni kabla ya kutangaza ushindi. 4A-FE nzima husoma karibu psi 191, na ikishuka chini ya 142 imechoka. Silinda mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasiketi imeungua katikati yake.

Likizimia kwenye maji

Kila masika bonde la Msimbazi linajaa pale Jangwani na kuna anayejaribu. Maji yakivutwa kwenye bomba la hewa hayabanwi kama hewa, na stata moja inaweza kupindisha koni rodi. Livute hadi pakavu. Fungua filta ya hewa. Ikiwa imelowa, toa plagi zote nne, ndipo upige stata ili maji yarushwe nje kupitia mashimo. Kama oili imepanda juu ya alama au imebadilika rangi, imwage. Gari lililolowa tu distribiuta, bila maji kufika kwenye filta, linahitaji kitambaa na subira.

Ukimpa fundi

Mweleze lilivyozima na vipimo ulivyofanya, usimpe jina la spea. Ukisema "nadhani ni pampu" utauziwa pampu. Akikuambia kitu kimekufa, mwombe akuonyeshe kipimo kilichomwambia hivyo, kwa heshima, "fundi, nionyeshe na mimi nijifunze". Fundi anayejua hukuonyesha kwa furaha.

Distribiuta ya mtumba ya Gerezani au Ilala si kosa kuinunua, nyingi ni za kutoka Japani na ni bora kuliko mpya za bei ya kutupa. Linganisha namba zilizogongwa na idadi ya pini kwenye soketi, na kubaliana na muuzaji kwamba unaifunga na kuijaribu ikiwa imepata joto kabla hela haijaisha mfukoni mwako. Ile ya zamani ondoka nayo. Likishawaka, rekebisha taimingi (wakati wa cheche) kwa taa ya taimingi, kisha zunguka nalo karibu na nyumbani saa nzima mchana wa jua, AC ikiwa imewashwa, kwenye foleni ukiweza kuipata. Safari ya Morogoro isubiri.